Amplifaya ya Zamani Imegoma: Soma Dalili Kabla ya Kushika Chuma cha Kulehemu

Amplifaya za stirio za miaka ya 1960 hadi 1980 zina neema moja ambayo fundi asiye na mchoro wa saketi anapaswa kuishukuru. Ndani yake kuna chaneli mbili zilizojengwa sawasawa, transista kwa transista, na aghalabu inayoharibika ni moja. Ile iliyobaki nzima ndiyo mchoro wako. Volti yoyote unayoitilia shaka upande mbovu, peleka ncha ya mita mahali pale pale upande mzima, ulinganishe. Zikitofautiana, umeshakaribia. Zikilingana, songa mbele.

Nasema hivi kwa sababu ipo tabia ya kufungua amplifaya iliyogoma na kung'oa kapasita zote siku ya kwanza, eti ni za zamani. Kapasita huzeeka, ni kweli, na tutafika huko. Lakini ukibadilisha vipande arobaini bila kupima na ugonjwa ukabaki pale pale, sasa hujui kama unatafuta kosa la awali au kapasita moja uliyoigeuza wewe mwenyewe, chanya kwa hasi. Huko ni kupiga ramli. Mita ya kawaida, balbu na subira vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Kabla ya kuwasha

Tazama kibao cha nyuma. Amplifaya zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huandikwa AC 100V, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230, transfoma na kapasita zake hazina pa kukimbilia. Hiyo inataka transfoma ya kushushia umeme. Nyingine zina swichi au plagi ndogo ya kuchagulia volti, nyuma au ndani ya boksi. Hakikisha kwa macho yako imekaa panapostahili. Neno la muuzaji halitoshi.

Kisha kuna kapasita kubwa za kuchujia umeme. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyojaa volti 60 imehifadhi jouli 18, na inaweza kukaa nazo muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale fyuzi za ndani zikiwa zimekatika na hakuna kinachozimaliza. Usizimwage kwa bisibisi. Chukua rezista ya omu 470 ya wati 10, ifunge waya zenye ganda, iguse kwenye ncha mbili za kapasita kwa nusu dakika, halafu upime. Mita ikisoma zaidi ya volti moja au mbili, rudia.

La tatu ni balbu, na hili silifanyii mzaha. Tafuta balbu ya zamani ya waya wa kuwaka, wati 60 hadi 100, uiunge kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoingia kwenye amplifaya. Taa za LED hazifai kwa kazi hii. Amplifaya nzima ikiwashwa, balbu itamulika kwa nguvu mara moja kapasita zinapojaa, kisha itafifia hadi wekundu hafifu au giza kabisa. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na balbu imebeba umeme ambao ungeunguza transista. Kumbuka tu kwamba kwa balbu amplifaya inapata volti pungufu: rilei ya spika, yaani swichi ya sumaku inayounga spika, inaweza isifunge, na hakuna sababu ya kurekebisha bayasi, ule mkondo mdogo unaopita kwenye transista za nguvu hata pasipo muziki, katika hali hiyo. Amplifaya ya daraja A, ambayo hula mkondo mwingi hata ikiwa kimya, nayo itaifanya balbu iwake muda wote, bila kuwa mgonjwa.

Spika zisiwe zimeungwa mpaka umepima DC, kama nitakavyoeleza, na kuikuta salama.

Fyuzi inakatika papo hapo, au balbu haififii

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Usiweke waya. Tazama kwanza kama fyuzi iliyomo ni ya aina sahihi: transfoma kubwa ya duara hunywa umeme mwingi sana katika sehemu ya kwanza ya sekunde, na kwa hiyo hutaka fyuzi ya polepole, iliyoandikwa T. Mtu aliyetangulia akiwa ameweka ya haraka, iliyoandikwa F, amplifaya itakata fyuzi leo na kuwaka vizuri kesho, nawe utatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Fyuzi ikiwa sahihi, gawanya amplifaya vipande. Chomoa waya za upande wa pili wa transfoma na uwashe kwa balbu. Balbu ikizidi kung'aa, shoti iko kwenye transfoma yenyewe, au kwenye ile kapasita ndogo iliyoungwa kati ya waya mbili za umeme wa ukutani, karibu na swichi, kuzuia kelele za umeme. Kapasita za karatasi za aina hiyo, hasa za Rifa zenye ganda la plastiki linaloonyesha ndani, hupata nyufa kwa miaka, hunyonya unyevu na siku moja hupasuka kwa moshi wenye harufu kali. Hizi ndizo kapasita ninazokubali zibadilishwe bila kupimwa, na mpya lazima iwe ya daraja la X2.

Balbu ikififia, transfoma imepona. Rudisha waya, ondoa fyuzi za laini ya chanya na ya hasi zinazolisha chaneli zote mbili, washa tena. Sasa unapima daraja la dayodi, linalogeuza AC kuwa DC, na kapasita kubwa peke yake. Hapo pakiwa salama, rudisha fyuzi za chaneli moja, kisha za nyingine. Balbu itakuonyesha mwenye hatia.

Mara nyingi mwenye hatia ni transista za kutoa nguvu. Zima, mwaga umeme wa kapasita, weka mita kwenye alama ya dayodi na upime kolekta dhidi ya emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista (wa tatu ni beisi). Kwenye transista za chuma zenye umbo la TO-3 ganda lote ndilo kolekta. Mita ikilia pande zote mbili, imepiga shoti. Usiishie hapo. Transista ya nguvu ikifa huondoka na jamaa zake: draiva iliyoisukuma, rezista ya emita iliyobeba mkondo, pengine na rezista ndogo ya beisi ambayo kwa macho haina doa. Pima zote upande huo ukizilinganisha na za upande mzima. Rezista za emita ni za omu 0.22 hadi 0.47, na waya za mita peke yake zinaweza kuwa na omu 0.3, kwa hiyo gusanisha ncha za mita kwanza, uone inasoma ngapi, utoe.

Kuhusu transista za kununua: bandia zimejaa. Ukiona transista ya nguvu inayouzwa kwa bei ya maandazi, ndani yake utakuta kipande kidogo cha silikoni kisichoweza kubeba nusu ya kilichoandikwa kwenye ganda. MJ15003 na MJ15004, au MJ21193 na MJ21194, hushika nafasi ya nyingi za zamani za umbo la TO-3, ila zitoke kwa muuzaji anayechukua moja kwa moja kwa mtengenezaji.

Rilei ya spika haifungi

Baada ya kuwasha, amplifaya yenye ulinzi husubiri sekunde chache kisha husikika "tik". Isiposikika, watu hukimbilia kuilaumu rilei. Mara nyingi rilei inafanya kazi yake: imeona volti za DC kwenye chaneli moja na imekataa kuzipeleka kwenye spika. Ndiyo maana kuiruka kwa waya ili "kusikiliza kidogo" ni kuchoma spika kwa makusudi. Koili ya spika ya omu 8 huwa na kama omu 6 za DC. Volti 40 zikipita hapo ni zaidi ya wati 260, zote joto, na waya wa koili huisha katika sekunde.

Pima DC kabla ya rilei, yaani pale chaneli inapoingia kwenye rilei, pande zote mbili. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikivuka milivolti 100, pana jambo la kurekebisha. Ukikuta volti kadhaa au makumi, nenda sehemu inayofuata.

Zote mbili zikiwa chini ya milivolti 50 na bado hakuna "tik", mgonjwa ni saketi ya ulinzi yenyewe. Amplifaya nyingi za Japani za mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea zilitumia chipu ya uPC1237 au TA7317 kwa kazi hii. Kwenye uPC1237, pini ya 8 hupokea umeme wake na pini ya 6 huvuta rilei. Umeme ukikosekana kwenye pini ya 8, rudi nyuma kwenye rezista inayoilisha, ambayo hupata joto miaka yote na mwishowe hukatika. Umeme ukiwepo, shuku kapasita ndogo ya kuhesabia muda: ikivuja, hesabu haifiki mwisho.

Volti za DC zimekwama upande mmoja

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo mimi hukaa zaidi. Amplifaya hizi zimeungwa moja kwa moja kutoka transista ya kwanza hadi spika, kisha mrejesho huchukua sehemu ya sauti ya mwisho na kuirudisha mwanzo. Kwa hiyo transista moja ikiharibika, kila volti katika chaneli nzima huharibika kwa wakati mmoja. Ukipima ovyo utaona kila kitu ni kibovu.

Swali la kujiuliza si "ni volti gani mbaya?" bali "ni nani aliyepewa amri akakataa kutii?" Chukua mfano wa saketi ya kawaida: mbele kuna transista mbili za NPN (NPN na PNP ni aina mbili za transista zinazofanya kazi kinyume) zilizoungana emita, moja inapokea muziki, nyingine inapokea mrejesho. Kolekta ya ile inayopokea muziki inaendesha transista moja ya PNP, nayo PNP inaendesha draiva na transista za nguvu. Umewasha kwa balbu, na tokeo, yaani pale chaneli inapotoka kuelekea spika, limekwama karibu na laini ya hasi, tuseme volti hasi 38.

Anza mbele. Tokeo likiwa hasi, mrejesho unavuta beisi ya transista ya pili kwenda hasi, kwa hiyo hiyo inapaswa kuzima. Mkondo wote sasa unapita kwenye ya kwanza, na rezista ya kolekta yake inapaswa kuonyesha volti nyingi kuliko upande mzima. Je, ndivyo? Kama sivyo, tatizo liko hapo mbele: moja ya jozi imekufa, au rezista au chanzo cha mkondo chini ya emita zao kimekatika. Kama ndivyo, jozi imetoa amri inavyopaswa, iache. Nenda kwenye PNP. Kati ya beisi na emita yake kunapaswa kuwa na volti 0.6 au zaidi kidogo. Ukizikuta, transista hii imeamriwa kufunguka wazi, na kolekta yake inapaswa kupanda kuelekea chanya. Kolekta bado iko chini? Amri imefika, utii haupo: transista imekatika ndani. Kolekta imepanda na tokeo bado liko chini? Basi PNP nayo haina hatia, tatizo liko mbele yake, kwenye saketi ya bayasi, draiva au transista za nguvu. Beisi na emita zikionyesha volti mbili au tatu, usitafute zaidi. Kiungo kizima hakiruhusu hivyo.

Nimeona mafundi wenye oskiloskopu wakihangaika na chaneli kama hii siku nzima, na mita ikaimaliza kwa kufuata amri hatua kwa hatua.

DC ndogo isiyohama, tuseme milivolti 70 hadi 200, ina asili nyingine. Huko shuku jozi ya mbele ambayo transista zake zimepoteza usawa, kapasita ya mrejesho inayovuja, au rezista ya kurekebishia iliyoshika kutu. Ikiwa DC inatangatanga, milivolti 20 sasa, 90 baadaye, kisha 40, gusa transista za jozi kwa kijiti cha mbao. Ikiruka, umepata mahali.

Chaneli inakuja na kuondoka

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na dawa yake ni rahisi. Unasikiliza kwa sauti ya chini, chaneli ya kushoto inafifia au inatoa sauti ya kukwaruza, unapandisha volyumu kwa sekunde moja, inarudi safi. Mchawi wa kwanza ni rilei ya spika.

Badilishana waya za kuingilia kushoto na kulia kwanza. Ugonjwa ukihamia upande wa pili, amplifaya ni nzima. Tatizo liko kwenye waya au kwenye kifaa kilicho nyuma yake. Usipohama, badilishana spika. Ukihamia na spika, ni spika. Ukibaki pale pale, fungua.

Vua kifuniko cha plastiki cha rilei, kama kinavulika. Utaona vijiti vya shaba vyenye vitone vidogo vya fedha kwenye ncha, na vitone hivyo, ambavyo vilikuwa vinang'aa, vimekuwa vyeusi na katikati yake pana kishimo kilichochimbwa na cheche. Rilei ikiwa imefunga, pima volti ndogo za AC kati ya pande zake mbili huku muziki ukipita, au zima kila kitu na upeleke umeme kwenye koili peke yake upime omu: rilei nzima iko chini ya omu 0.1, ya namna hii husoma omu mbili, tatu, na kila ukiigonga inasoma tofauti. Muziki wa chini hauna nguvu ya kupenya ule weusi, wa juu unaupasua, ndiyo maana sauti inarudi ukipandisha volyumu.

Kipande cha karatasi nyeupe kilicholoweshwa spiriti safi, kikivutwa taratibu kati ya vitone vilivyobanwa kwa kidole, kitatoka na mstari mweusi. Rudia hadi kitoke cheupe. Msasa hapana: tabaka la fedha ni jembamba. Kishimo kikiwa kirefu, nunua rilei mpya yenye volti sawa za koili, uwezo sawa wa ampea na mpangilio uleule wa pini.

Rilei ikiwa safi, shaka hiyohiyo ipeleke kwenye swichi ya kuchagulia spika A na B na kwenye kitasa cha volyumu, kama kipo. Dawa ya kusafishia miguso, kidogo, kisha zungusha kitasa mara nyingi kutoka mwisho hadi mwisho.

Baada ya hapo ndipo lehemu zilizopasuka. Tafuta kwa kioo cha kukuzia pete nyembamba ya kijivu kuzunguka miguu ya vitu vizito au vyenye joto: rezista kubwa, pini za soketi, transista zilizosimama kwenye bodi. Na jihadhari na ile gundi ya rangi ya krimu iliyotumika kushikilia kapasita kubwa. Ikizeeka kwa joto huwa kahawia iliyokolea, huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipande vilivyo karibu. Ikwangue yote.

Mvumo

Sikiliza kwanza ni mvumo gani. Ule mzito na wa chini, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali, kwa kawaida huingia kutoka nje: waya wa kuingilia wenye ganda lililokatika, au vifaa viwili vilivyoungwa ardhini kwa njia mbili. Ule wenye mngurumo wa juu zaidi, hezi 100 au 120, unatoka kwenye umeme uliochujwa vibaya, kwa sababu daraja la dayodi huzidisha masafa mara mbili.

Chomoa waya zote za kuingilia. Mvumo ukiisha, usifungue amplifaya. Ukibaki kwenye chaneli zote mbili, pima kapasita kubwa. Hesabu si ngumu: amplifaya inayokula ampea 0.2 ikiwa kimya, na kapasita ya mikrofaradi 10,000, kwenye umeme wa hezi 50, inapaswa kuwa na wimbi la takriban volti 0.2 kutoka kilele hadi bonde, na mita ya AC itasoma kama 0.06. Ukikuta volti moja, kapasita imekauka au chaneli inakula kupita kiasi. Baadhi ya mita za bei nafuu husoma upuuzi kwenye AC zikikutana na DC kubwa; weka kapasita ya mikrofaradi 1 inayostahimili volti hizo kati ya ncha ya mita na laini.

Kapasita kubwa ambazo hazijavimba, hazivuji na wimbi lake ni dogo, mimi huziacha. Zile ndogo za mikrofaradi 1 hadi 100, zilizobanana na rezista za moto, ndizo zinazokauka mapema.

Mvumo unaotoka kwenye transfoma na si kwenye spika ni suala la boliti na la umeme wenyewe. Kaza boliti ya katikati, usizidishe.

Shiii na kutatarika kwenye ukimya

Muziki umesimama, volyumu iko chini kabisa, na chaneli moja inatatarika kama mafuta ya moto. Hiyo ni transista ya mbele. Kuna aina zinazojulikana kwa tabia hii: 2SC458 na 2SA726, kwa mfano, zilitumika kwa wingi katika vifaa vya Japani na huzeeka kwa kelele, mara nyingi miguu yake ikiwa imegeuka myeusi. Dawa ya kupozea ya kopo, ikipulizwa kwa transista moja moja, hubadilisha kelele papo hapo unapomfikia mhusika. Nafasi zao hushikwa vizuri na KSC1845 kwa NPN na KSA992 kwa PNP. Badilisha jozi nzima, na hakikisha mpangilio wa miguu kabla ya kulehemu.

Sauti chafu

Ikiwa chafu kwa sauti ya chini na kujisafisha ikipanda, na rilei umeshaisafisha, bayasi iko chini: transista za nguvu hazipokezani vizuri wimbi linapovuka sifuri. Ikiwa safi chini na chafu juu, pima laini ya chanya na ya hasi wakati wa muziki mkubwa. Moja ikizama kuliko nyingine, umepata upande.

Bayasi hupimwa kwenye rezista ya emita. Milivolti 10 kwenye omu 0.47 ni miliampea 21; milivolti hizohizo kwenye omu 0.22 ni miliampea 45. Fuata namba ya mtengenezaji kama unayo. Kama huna, na chaneli nzima haijawahi kuguswa, iige hiyo. Rekebisha baada ya amplifaya kupata joto dakika 15 au 20, bila balbu, bila muziki.

Ile rezista ya kurekebishia bayasi ni kitu cha hatari kuliko inavyoonekana. Kisukumizi chake kikipoteza mguso hata kwa nukta moja, katika saketi nyingi bayasi huruka hadi mwisho na transista zinaungua ukiwa bado umeshika bisibisi. Zima, pima omu zake, igeuze ukitazama kama inapanda bila kuruka. Ikiruka, weka mpya ya mizunguko mingi, uliyoiweka kwanza kwenye omu zilezile za ile ya zamani. Vidude vya dayodi vilivyobandikwa kwenye kipoza joto kufuatilia joto la transista navyo hufa kwa kukatika, na matokeo ni yaleyale.

Upande mmoja unachemka

Kwanza bayasi. Pili grisi nyeupe ya joto chini ya transista, ambayo baada ya miongo hukauka ikawa chaki: safisha, paka mpya nyembamba, badilisha karatasi ya mika ikiwa ina ufa, kisha pima kwamba ganda la transista halijagusana na kipoza joto.

Tatu ni jambo lisilosikika. Chaneli inaweza kujipigia yenyewe masafa ya juu kupita uwezo wa sikio, ikila umeme bure. Tazama rezista ya omu 10 karibu na mlango wa spika, ile iliyoungwa na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Ikiwa imegeuka kahawia, au ina moto huku hakuna muziki, umepata jibu. Hutokea sana baada ya mtu kuweka transista mpya zenye kasi kuliko za asili.

Zile zisizofuata kanuni

Quad 405 ya mwaka 1975 haina rekebisho la bayasi, usilitafute. Quad 303 ya 1967 ina kapasita kati ya amplifaya na spika, kwa hiyo DC hupimwa kabla ya kapasita hiyo, na inapaswa kuwa karibu nusu ya volti za laini. McIntosh nyingi zina transfoma ya kutolea sauti. Omu karibu na sifuri kwenye mlango wa spika ni hali ya kawaida. Mosfeti za Hitachi 2SK134 na 2SJ49 zina sosi (mguu unaolingana na emita) kwenye ganda, si dreni (unaolingana na kolekta), kwa hiyo vipimo vya TO-3 nilivyoeleza juu vitakudanganya.

Yamaha B-1 ya 1974 na Sony zenye transista za aina ya V-FET ni habari nyingine. Transista zake zimefunguka zenyewe mpaka zipate volti za kuzizuia, na za kubadilishia ni adimu. Kama hujainunua na chaneli moja imekufa, usiinunue.

Za valvu zina volti mia nne na zaidi ndani, na haziwashwi bila mzigo kwenye mlango wa spika. Dynaco Stereo 70 hurekebishwa hadi volti 1.56 kwenye sehemu ya kupimia. Isiposhikika hapo, valvu imechoka au kapasita ya kuunganisha inavuja.

Kabla ya kurudisha spika

Washa kwa balbu, kisha bila balbu. Pima DC ya chaneli zote mbili, baridi na baada ya saa moja. Rudia bayasi. Weka rezista kubwa ya omu 8 badala ya spika, upige muziki kwa nguvu ya wastani, ushike vipoza joto vyote viwili kwa mkono: joto lao linapaswa kukaribiana. Zima, washa tena, usikilize kama "tik" inakuja kwa wakati uleule. Halafu unga spika kuukuu usiyoijali, ipige jioni nzima, na za thamani zisubiri kesho.